Ng'ombe wa Nyama Wakati wa Kaskazi na Masika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mombasa na Bara Yake

Maswali haya ni ya watu wenye mazizi Kisauni, Likoni na Mwakirunge, na zaidi ya wale wenye mifugo bara: Mariakani, Kinango, Samburu, Taru, Bamba na Ganze, ambako bucha nyingi za Mombasa hununua ng'ombe. Anayefuga ng'ombe wa maziwa atapata mawili matatu ya kumfaa, lakini hesabu zilizomo humu ni za nyama.

Miezi migumu kwa ng'ombe huku kwetu ni ipi hasa?

Ni mara mbili kwa mwaka, na ya pili wengi huisahau. Ya kwanza ni mwisho wa kaskazi: Februari, Machi na siku za Aprili kabla masika haijatulia. Jua ni kali, majani yamekuwa vijiti, silanga (bwawa la maji ya mvua) imebaki tope. Ya pili ni wiki za kwanza za masika yenyewe, ng'ombe aliyekonda anaponyeshewa usiku kucha.

Mombasa mjini hupata mvua ya milimita elfu moja na kitu kwa mwaka, na Mei ndiyo huongoza. Ukipanda kuelekea Samburu na Taru kiasi hicho hushuka sana, na vuli huwa ya bahati nasibu. Kwa hiyo mtu wa Kinango asihesabu kiangazi kuanzia Disemba kwa sababu kalenda imesema hivyo. Ahesabu kuanzia siku majani yake yalipoacha kukua, na mwaka mbaya siku hiyo huwa Agosti. Tuliopitia ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikifeli mfululizo, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Nitajuaje mapema kama malisho yangu hayatatosha?

Shika kalamu. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu cha kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, ukishatoa maji yaliyomo kwenye majani. Ng'ombe wa kilo 250, ambao ndio wengi wetu tunao, anahitaji kilo 6 na robo hivi. Weka kilo 7, maana nyasi kavu nazo zina unyevu kidogo, na nyingine zitakanyagwa. Ng'ombe kumi kwa siku mia moja watakula kilo 7,000. Ukinunua beli za kilo 15, hizo ni beli 467. Kama malisho yako yanaweza kubeba nusu ya haja hiyo, bado unadaiwa beli zaidi ya 230.

Fanya hesabu hii Agosti, masika ikishatoa ilichotoa. Ukiifanya Januari utakuwa unahesabu hasara tu, kwa sababu mwezi huo kila mtu anatafuta nyasi na wenye nyasi wanajua.

Pamoja na kalamu, tumia macho. Simama ubavuni kwa ng'ombe asubuhi kabla hajanywa maji. Mbavu mbili tatu za nyuma kuonekana kidogo ni kawaida ya zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji. Mbavu zote zikihesabika, mifupa ya mgongo ikachongoka na shina la mkia likawa na shimo pande zote mbili, ng'ombe huyo alianza kula mwili wake wiki nyingi zilizopita. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti za Kwale, Kilifi, Taita Taveta na Tana River, na humo mna hali ya malisho, umbali wa maji na bei za mifugo sokoni. Isome, au mwambie kijana wa nyumbani akusomee.

Basi niuze wangapi, na lini?

Hapa ndipo penye mzozo na wazee wetu, na tutasema tunavyoona: uza kabla ya kukonda. Mifugo mingi inayokufa Machi ilistahili kuwa imeuzwa Septemba na Oktoba, na pesa zake zikawa zimenunua chakula cha waliobaki.

Tazama hesabu ya maksai mmoja wa kilo 300 mwezi wa Septemba. Akichinjwa atatoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito huo, kilo 150. Ukimweka mpaka Machi bila chakula cha ziada anaweza kushuka hadi kilo 240, na aliyekonda hutoa nyama pungufu ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo kilo za nyama zinapungua kwa njia mbili. Bei ya kila kilo nayo imeshuka, kwa kuwa soko limejaa ng'ombe wa namna yake. Juu ya hayo, kwa miezi sita amekula majani ambayo yangemvusha ng'ombe mwenye mimba.

Wa kutoka kwanza ni maksai waliokomaa, mafahali wa ziada, ng'ombe wazee ambao meno yamekwisha, na mitamba ambayo imepandwa mara kadhaa isishike. Wa kubaki ni majike wadogo wenye mimba, mitamba mizuri, na fahali mmoja. Kundi la namna hii hurudi likiwa kamili baada ya misimu michache ya mvua nzuri. Kundi la maksai wakubwa na majike wazee halirudi.

Wengine husubiri serikali inunue mifugo kupitia Tume ya Nyama ya Kenya, ambayo ina kiwanda Kibarani. Mipango hiyo imesaidia watu, hatukatai. Lakini huja ukame ukishatangazwa kuwa janga, na huchukua idadi maalum kwa kila eneo. Huwezi kuifanya kuwa mpango wako wa kwanza.

Nataka kunenepesha kwa ajili ya Idd. Nianze lini?

Siku tisini kabla, na siku hizo sasa zinaangukia pabaya. Idd ya kuchinja husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, masika ikiwa imeshaotesha majani. Kufikia 2030 itakuwa katikati ya Aprili, mwezi ukiandama, na ukirudi nyuma siku tisini unajikuta katikati ya Januari, jua la kaskazi likiwa utosini. Atakayekuwa na chakula ghalani miaka hiyo atakuwa na soko karibu peke yake.

Ng'ombe wa udhia ana masharti yake, na mnunuzi wa Mombasa anayajua vizuri: awe ametimiza miaka miwili, asiwe chongo, mgonjwa au kiwete wa kuonekana, wala asiwe amekonda mpaka mifupa imekosa uboho. Watu saba hushirikiana ng'ombe mmoja, na saba wakija kumtazama, mmoja wao hakosi kumpapasa mbavu.

Chagua dume mwenye umbo kubwa aliyekonda kwa njaa na si kwa ugonjwa. Huyo hupata mwili haraka akishiba. Mpe dawa ya minyoo, mpige dawa ya kupe, kisha mwanzishe chakula cha nguvu polepole. Mchanganyiko unaofaa kwa kila kilo mia: pumba za mahindi 60, mashudu ya nazi au ya pamba 27, molasi 10, madini 2, chumvi 1. Anza na nusu kilo kwa siku na uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu mpaka kilo 3 au 4, nyasi kavu zikiwa mbele yake muda wote. Anayemwaga debe zima la pumba siku ya kwanza humpa ng'ombe asidi tumboni: anaacha kula, anaharisha maji yenye harufu kali, kwato zinauma, na wengine hufa. Dume wa Boran, aina ya ng'ombe wakubwa wa nyama, au chotara wake akilishwa hivi huongeza kati ya nusu kilo na kilo moja kwa siku. Zebu mdogo ataongeza pungufu, na usimlishe chakula cha gharama kwa kutumaini zaidi.

Nikate nyasi zangu mwenyewe au ninunue beli?

Kata, kama una mahali. Nyasi ndefu za pwani zile ziotazo chini ya minazi, na boma Rhodes kwa waliopanda, zikatwe zinapoanza kutoa maua. Watu hungoja zikomae mpaka zianguke, wakidhani zimeongezeka. Zimeongezeka uzito, lishe imekwenda kwenye mbegu na mbegu zimemwagika.

Anika siku mbili tatu, geuza, na ukusanye zikiwa bado na rangi ya kijani iliyofifia. Huhitaji mashine. Sanduku la mbao lisilo na sakafu wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55 na kimo 45, ukishindilia kwa miguu na kufunga kwa kamba ya katani, hutoa beli ya kama kilo 20. Panga juu ya magogo, chini ya makuti au mabati, mbali na ukuta. Unyevu wa pwani hautoki juu peke yake, unapanda kutoka ardhini.

Ukinunua, pima. Beli za barabarani hutofautiana sana uzito, na anayenunua kwa idadi hununua hewa. Ingiza mkono ndani ya beli: ikiwa ina joto au vumbi la ukungu, mwachie mwenyewe. Na kama muuzaji ni wa mbali, sema bei ukishajumlisha nauli ya lori.

Mabua ya mahindi yana faida yoyote, au ni kuwajaza tumbo tu?

Yakiachwa shambani mpaka Januari ni kujaza tumbo. Yakikatwa mara tu baada ya kuvuna, Julai na Agosti, yakakatwakatwa na kuhifadhiwa kivulini, ni akiba nzuri ambayo wengi huichoma.

Unaweza kuyaboresha kwa mbolea ya urea. Yeyusha kilo 5 za urea kwenye lita 50 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, shindilia ndani ya shimo au mfuko mkubwa wa plastiki na ufunge hewa isiingie. Acha wiki tatu. Ukifungua, yaache wazi siku moja harufu kali itoke kabla ya kulisha, na anza na kidogo.

Urea ni sumu ikitumiwa ovyo, na hili hatulisemi kwa kupita. Usiiweke kwenye maji ya kunywa, usinyunyize kavu juu ya pumba, usimpe ndama mdogo, wala ng'ombe mwenye njaa kali. Aliyezidisha hutetemeka, hutoka povu na tumbo hujaa, na huenda akafa kabla ya saa chache kwisha. Ukiona dalili hizo mnyweshe siki iliyochanganywa na maji na umwite daktari wa mifugo hapo hapo. Ikiwa anayelisha ng'ombe wako ni kijana ambaye hukai naye, bora uache urea kabisa ununue mashudu.

Nyasi kavu ninazo tele, lakini ng'ombe bado wanakonda. Kwa nini?

Kwa sababu aliye na njaa ni tumbo lake. Vijidudu vilivyo ndani ya tumbo la ng'ombe ndivyo vinavyovunja nyasi, na navyo vinahitaji protini. Nyasi zikishuka chini ya asilimia 7 ya protini, kama zilivyo nyingi za Februari, vijidudu hupungua, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hula kidogo ingawa hori limejaa. Utamwona tumbo kubwa, mgongo umechongoka, kinyesi kigumu kilichojipanga safu safu.

Dawa yake ni protini kidogo, na mara nyingi hiyo kidogo huleta tofauti kubwa kuliko kuongeza beli. Kilo moja ya mashudu kwa siku kwa ng'ombe mzima inatosha kumshikilia asishuke. Mashudu ya nazi ndiyo yetu, yana protini ya kama asilimia 20. Ya pamba na alizeti huwa na zaidi. Kama huwezi kwenda zizini kila siku, mashudu yanaweza kutolewa kwa kuruka siku moja, kipimo cha siku mbili kwa mpigo, na matokeo hayatofautiani sana. Usifanye hivyo kwa urea.

Bei ya mashudu ikikushinda, panda miti. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kimefanya kazi miaka mingi na gliricidia, na huota vizuri huku kwetu hata kwa kuchomeka fimbo mvua zikianza. Majani yake mabichi ng'ombe huyasusia mwanzoni kwa harufu. Yaanike nusu siku yanyauke, au changanya na molasi. Lusina huliwa bila kubembelezwa, ila isizidi theluthi ya chakula chote. Maganda ya migunga yanayodondoka kiangazi yaokotwe na kuwekwa kwenye magunia, watoto wanaweza kuifanya kazi hiyo jioni.

Vipi mabaki ya mjini: machicha, mabaki ya Kongowea, pumba za viwandani?

Hii ndiyo faida ya kufuga karibu na Mombasa na tunashangaa wachache wanaoitumia. Machicha ya nazi kutoka hotelini na kwa kina mama wapishi yana mafuta na nguvu, lakini huvunda siku hiyo hiyo. Yalishwe mabichi au yaanikwe. Majani ya kabeji na maganda ya ndizi na maembe ya soko la Kongowea ng'ombe huyapenda, ila yamejaa maji. Gunia la kabeji ni kama maji kwa sehemu tisa na chakula kwa moja, kwa hiyo yawe kitoweo cha nyasi kavu na yasiwe mlo. Chambua kamba, waya na plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, na bado wachinjaji hutoa mafundo yake matumboni mwa ng'ombe waliozurura majaani.

Pumba za mahindi na za ngano hupatikana kwenye viwanda vya unga. Nunua za wiki mbili, si za miezi mitatu. Joto na unyevu wa hapa hukuza ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho kila mara. Zikiwa zimeshikana mabonge au zina harufu ya chumba kilichofungwa, hata kuku usimpe.

Ng'ombe mmoja anahitaji maji kiasi gani?

Kwenye jua la kaskazi, lita 30 hadi 50 kwa ng'ombe mzima, na zaidi kwa anayenyonyesha. Hiyo ni mitungi miwili ya lita 20 kwa kichwa. Asiyekunywa vya kutosha hali, kwa hiyo pesa za mashudu zinapotea.

Anayekunywa siku moja na kuruka inayofuata huweza kuishi, na zebu anavumilia hilo kuliko wa kigeni, lakini usimtarajie anenepe. Silanga ikipungua zungushia miiba, uchote maji na kuyamimina kwenye hori nje ya ua. Ng'ombe wakiingia wenyewe wanakwama kwenye tope, na wengi hufia hapo hapo. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, ng'ombe huvumilia kuliko sisi, ila punguza chumvi kwenye chakula.

Joto la Mombasa linawadhuru kweli, au wameshazoea?

Zebu na Boran wamezoea. Chotara wa kigeni, hasa mweusi, hajazoea. Ukimwona anahema mdomo wazi, mate yakichuruzika, yuko matatani: maji na kivuli mara moja.

Kivuli cha mwembe au mkanju kinashinda paa la mabati la chini. Ukijenga, paa liwe juu, pande ziwe wazi upepo upite, na kila ng'ombe apate kama mita nne za mraba. Kikubwa ni saa za kula. Wapeleke malishoni alfajiri, warudishe saa nne au tano asubuhi, watoe tena saa kumi. Nyasi za horini ziwekwe jioni, kwa sababu kucheua nako kunatoa joto mwilini.

Mwanangu yuko Kanada, anasema huko ng'ombe hulala nje kwenye theluji. Mbona wetu hutetemeka kwa mvua tu?

Ng'ombe wa huko, kama Angus na Hereford, huota manyoya mazito majira ya baridi na huwa na mafuta chini ya ngozi. Manyoya hayo yakiwa makavu, anaweza kustahimili mpaka nyuzi 8 chini ya sifuri za Selsiasi kabla mwili haujaanza kuchoma chakula cha ziada ili ujipashe moto. Yakilowa, mpaka huo hupanda hadi nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Ndiyo maana wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani huogopa mvua ya baridi yenye upepo kuliko theluji kavu. Wao huongeza chakula kwa kama asilimia moja kwa kila nyuzi moja ya Farenhaiti inayoshuka chini ya mpaka, huongeza nyasi kavu hasa kwa sababu kuvunjwa kwake tumboni kunatoa joto, huweka vizuizi vya upepo na matandiko makavu, na huvunja barafu ili mifugo inywe.

Wa kwetu ana manyoya mafupi na mafuta kidogo. Mtoe hata hayo mafuta kwa miezi minne ya njaa, mloweshe, mpulizie kusi usiku wa Mei, na nyuzi 22 zinatosha kumwangusha.

Mvua zimeshanyesha, majani yanaota. Mbona ndipo wanapokufa?

Sababu ni tatu na huja pamoja. Ya kwanza ni hiyo baridi ya kulowa. Ya pili, ng'ombe akinusa majani mabichi huacha nyasi kavu na kutembea kutwa akitafuta mche wa urefu wa kucha. Majani ya wiki ya kwanza ni maji matupu. Anaharisha, na nguvu aliyobakiza inaishia kwenye mwendo. Ya tatu, kupe na minyoo huamka na mvua, na damu yake haikuwa nyingi.

Kwa hiyo usimalize akiba mvua ya kwanza inapopiga. Weka chakula cha wiki tatu hadi nne kwa ajili ya mwanzo wa masika, na hii ndiyo akiba ngumu zaidi kuitunza, maana mbingu imeshakuambia shida imekwisha. Wafungie walio dhaifu, wape nyasi kavu asubuhi kabla hawajatoka na jioni wakirudi. Tenga pembe moja ya zizi iliyoinuka, ezeka makuti, na uzibe upande wa kusini, kusi itokako. Ndama na majike wenye mimba ya miezi ya mwisho ndio walale hapo. Majani yakifika kimo cha kifundo cha mguu, waachie.

Magonjwa ya kuangalia masika ni yapi?

Ndigana ndiyo inayochukua wengi. Inaletwa na kupe wa sikioni; tezi chini ya sikio na begani huvimba, homa hupanda, pumzi huwa nzito. Josho au dawa ya kupuliza kila wiki, na usisahau ndani ya masikio na chini ya mkia. Iko chanjo ya ndigana kali ya mara moja maishani, na kwa ndama wa Boran wa bei tunaona inalipa.

Kwa walio karibu na Shimba Hills na vichaka vya Kwale, mbung'o ni wa mwaka mzima na huzidi majani yakinawiri. Ng'ombe anayekonda huku anakula, macho yanatoka machozi na damu imepungua, apimwe nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o, kabla ya kuongezewa mashudu.

Mvua ikizidi kiasi, kama El Niño ya 1997 na ile ya 2006, homa ya Bonde la Ufa huja na mbu. Majike wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja ndiyo dalili kubwa. Usishike kilichotupwa kwa mikono mitupu, usichinje mgonjwa, usinywe maziwa mabichi. Ugonjwa huu unaua watu pia. Chanjo hutolewa kabla ya mvua, na kwa wenye mimba umuulize daktari kwanza, maana ziko zinazosababisha mimba kutoka. Kwato zinazooza kwa tope ni jambo dogo likiwahiwa: mwaga kokoto au vifusi vya matumbawe mlangoni na penye hori.

Mathenge ni chakula au sumu?

Mathenge ni ule mti wa miiba (Prosopis). Maganda yake yaliyoiva ni chakula, yana sukari na protini, lakini yasagwe. Yakiliwa mazima mbegu hupita salama tumboni na kupandwa shambani kwako na kwa jirani. Yasiwe mlo mkuu. Kinachotutia hofu zaidi ni mtama mchanga ulionyauka kwa jua na machipukizi yake baada ya mvua, pamoja na majani na maganda mabichi ya mihogo michungu. Vyote vina sumu inayoua haraka. Mtama uanikwe ukauke vizuri au uache ukomae.

Ng'ombe ameanguka, hawezi kusimama. Nifanye nini?

Mkalishe kwa kifua, miguu chini yake, mkingie kwa magunia ya nyasi pande zote. Asiachwe amelala ubavu, gesi itamjaa. Mgeuze upande kila baada ya saa chache, awe kivulini, maji na majani laini vimfikie mdomoni. Usimmiminie uji kwa chupa akiwa amelala, unaingia mapafuni. Mwinue mara mbili kwa siku kwa watu wanne na magunia chini ya tumbo. Akila, kuna matumaini. Siku ya tatu ikipita hali wala hajaribu, daktari wa mifugo akushauri, na nyama ya aliyedungwa sindano isiuzwe wala isiliwe kabla muda wa dawa haujakwisha.

Nichague Boran, Orma au zebu wa kawaida?

Kwa anayenunua chakula na kuuza kwa kilo, Boran. Kwa Tana River, Kwale na penye mbung'o, Boran wa Orma, ambao utafiti wa ranchi ya Galana ulionyesha wanavumilia nagana kuliko Boran wengine. Kwa asiye na uhakika wa maji wala nyasi, zebu mdogo, na asimwonee haya.

Nikiwaleta Mombasa kwa lori wanapungua uzito. Nizuieje?

Kupungua kwa asilimia 5 au zaidi njiani ni kawaida, na sehemu kubwa ni maji na kinyesi. Wanyweshe na kuwapa nyasi kavu jana yake, usiwape pumba siku ya safari. Kata kibali cha kusafirisha mifugo mapema kwa afisa wa mifugo, na uulize kama kuna karantini kabla hujalipa lori. Pakia alfajiri, kwa sababu foleni ya mizani ya Mariakani saa saba mchana ni tanuri. Mwaga mchanga kwenye sakafu wasiteleze, usichanganye wenye pembe ndefu na wadogo. Wakishuka wape maji na kivuli, na kama mnunuzi anapima kwa uzito wa ng'ombe hai, mkubaliane tangu mwanzo kama mizani itakuwa kabla au baada ya kunywa.